Kiapo Bila Inshallah

Mwaka wa mgomo wa mikoba ya shule, mwenye sauti kuliko wote katika kijiji chetu cha milimani, Ighil Ouzemmour, hakuwa mvulana. Alikuwa Malha, binti wa Amokrane fundi wa kuchomelea, msichana mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, na mwenye kuchoma kama sindano hiyo hiyo.

Siku wanafunzi wa sekondari walipokusanyika mbele ya geti la shule kutangaza kwamba milima yote inagoma, kuanzia watoto wa alifu mpaka vyuo vikuu, kipaza sauti kilikufa. Rezki, mwenyekiti wa kamati, akakipiga kofi, akakipuliza, akakitukania mama yake. Wapi. Malha akapanda juu ya kiti, akasema kwa koo lake mwenyewe.

"Humo ndani wanatufundisha Kiarabu, wanatufundisha Kifaransa. Kiamazigh tulichonyonyeshwa nacho kinaachwa nje ya geti pamoja na mbwa. Basi na sisi tukae nje, tukae nacho!"

Wanawake waliokuwa wakichota maji bondeni walimsikia. Walidhani polisi wamekuja na gari la matangazo.

Wakakaa nje kweli. Shida ilikuwa wazazi. Mtoto anaweza kugoma, lakini mama yake akichoka kumwona jikoni atamrudisha shule kwa fagio. Kwa hiyo kamati ikaomba kila baba aape barazani Ijumaa, mbele ya kijiji kizima, yaani mbele ya wanaume, maana huko barazani kijiji kizima ni wanaume.

Jioni hiyo Amokrane alikuwa ameketi mbele ya sinia la kuskusi na mtindi, kijiko mkononi, macho mekundu kwa moto wa kazi. Hakuwa mtu wa siasa. Siasa yake ilikuwa mageti na madirisha ya chuma, na huyu binti, ambaye alitaka awe mtu wa kwanza katika ukoo kuushinda mtihani wa mwisho.

"Baba, Ijumaa unaapa," Malha akasema.

"Naapa nini mimi? Wewe mwaka huu una mtihani."

"Chabane, baba yake Rezki, ataapa."

"Chabane hajui hata mwanawe yuko darasa la ngapi."

"Chabane huyo huyo ataapa, na wewe utabanana na ukuta kama mjane? Pua yako iko wapi, Baba?"

Kijiko kikasimama hewani. Huku kwetu milimani pua si ya kunusia tu. Heshima yote ya mwanamume imekaa hapo katikati ya uso, na kumwuliza iko wapi ni sawa na kumvua nguo sokoni. Ldjouher, mama yake Malha, akajifanya anatafuta chumvi. Lakini Bibi Yamina, mama mzazi wa Amokrane, hakuwahi kutafuta chumvi panapokuwa na maneno ya kuonja.

"Pua anayo," Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyeizaa, nakumbuka ilivyonitesa kutoka."

Boussad, mdogo wake Malha, akacheka mpaka mtindi ukamtokea puani. Baba yao hakucheka. Akaweka kijiko chini, na Malha akajua ameshinda.

Kesho yake akamfundisha la kusema, maana Amokrane alikuwa hodari wa kuunga chuma, si maneno.

"Naapa kwa Mungu," Baba akajaribu, "hakuna mkoba utakaovuka kizingiti changu kwenda shule, mpaka lugha ya mama yangu iketi darasani, inshallah."

"Toa inshallah."

"Nini?"

"Inshallah ni mlango wa nyuma, Baba. Waongo wote hutokea hapo. Na darasani, darasani wapi? Sema darasa la shule yetu."

"Mwanangu, kumtaja Mungu ni adabu."

"Umeshamtaja mwanzoni. Si kiziwi."

"We mtoto!" Bibi Yamina akadakia kutoka kwenye ngozi yake ya kondoo. "Mwache baba yako na inshallah yake. Mtu mzima hatoki nyumbani bila inshallah, kama asivyotoka bila suruali."

Malha hakusikia. Kijana akiona jambo limekaa vizuri mdomoni hudhani limekaa vizuri na duniani.

Ijumaa, yeye na wasichana wenzake walipanda juu ya paa la jirani kutega masikio. Wanaume wakasimama mmoja mmoja kwenye mabenchi ya mawe. Huyu akaapa, inshallah. Yule akaapa, Mungu akitupa uzima, inshallah. Chabane aliapa kwa sauti kubwa kuliko wote na akaitia inshallah mbili, moja mbele, moja nyuma, kama punda wa kubeba mizigo miwili. Kisha akasimama Amokrane. Akasema maneno yote aliyofundishwa, kuanzia kwa Mungu mpaka kizingiti, mpaka darasa la shule yetu, halafu akafunga mdomo. Watu wakangoja ile inshallah. Haikuja. Dda Achour (Dda ni heshima ya mwanamume mkubwa, kama Nna kwa mwanamke), mkuu wa kijiji, mzee asiyesimama hata kwa mkuu wa wilaya, akanyanyuka na fimbo yake, akambusu Amokrane kichwani.

Juu ya paa wenzake Malha walimkumbatia wakimwambia, "Baba yako! Baba yako ni simba!" Na yeye akalia kwa furaha, mjinga wa Mungu.

Ule mwaka waliuita mwaka mweupe, kwa kuwa haukuandikwa kitu. Mweupe kwa wavulana. Wao waligoma wakicheza domino kwenye mkahawa, wakigoma mpaka saa sita mchana ndipo waamke, wakigoma kwa mpira jioni. Wasichana waligoma wakikanda unga. Waligoma wakiokota zeituni kwenye barafu, wakigoma kwa kufua blanketi, wakigoma kwa kulea watoto wa shangazi zao waliokuja "kusaidiwa kidogo kwa kuwa Malha yupo." Malha aliongoza maandamano mawili kwenda mjini, akarudi miguu imevimba, akakuta vyombo vinamngoja.

"Mapinduzi yamekuja," Bibi Yamina akamwambia, "naona yamekuletea sufuria."

"Ni mwaka mmoja tu, Bibi."

"Sawa. Hata mimi niliambiwa naolewa kwa muda."

Majira ya kuchipua, wakubwa wa harakati wakaketi na serikali. Serikali haikutoa lugha, ikatoa ofisi. Ofisi ya Kiamazigh, huko Aljeri, mji mkuu, yenye mlango, saini na mlinzi. Kufundishwa kutakuja baadaye, hapa na pale, kwa atakayetaka, akipatikana mwalimu. Nusu ya wakubwa wakasema tumeshinda, nusu wakasema tumeuzwa, na wote wakasema watoto warudi shule, maana mama zao walikuwa wamekwisha kushika mafagio.

Asubuhi ya kufungua shule, njia ya juu ikajaa mikoba. Malha akavaa joho lake la shule, akalipiga pasi mara mbili, akabeba mkoba. Akamkuta baba yake amesimama kizingitini.

"Unakwenda wapi?"

"Shule, Baba. Mgomo umekwisha."

"Lugha imeketi katika darasa la shule yetu?"

"Bado, lakini wamesema..."

"Mimi sikuapa wakisema. Niliapa ikiketi." Hakuwa amekasirika. Angekuwa amekasirika ingekuwa nafuu, hasira ya Amokrane ilikuwa haimalizi chungu cha kahawa. "Wewe mwenyewe uliniambia niseme shule yetu."

"Basi kiapo si kimeshapita, Baba? Kila mtu amerudi."

"Kila mtu alisema inshallah. Mungu hakupenda, wamerudi. Mimi sikumwachia Mungu nafasi."

Bibi Yamina alisikiliza yote hayo akivuta ugoro. Kisha akauchukua mkoba mkononi mwa mjukuu wake, akajikokota hadi dirishani, akautupa nje. Ukaangukia banda la kuku.

"Kizingiti haujavuka," akasema. "Dirisha hatukuliapia. Mkimbilie mkoba wako, mwanangu."

Malha akacheka, akachomoka mlangoni mikono mitupu kama Muislamu mwema. Lakini mkuu wa shule alikuwa ameshapata habari, na hakutaka ugomvi na baraza. "Uliyekosa mwaka mzima, aje baba yako akuandikishe," akamwambia. "Akija, kiti chako kipo."

Aliporudi alikuta mkoba umewekwa juu ya kitanda chake. Baba yake alikuwa ameupangusa mavi ya kuku kwa kitambaa chake cha mkononi, na kamba iliyokatika ameiunga.

Na Boussad? Boussad alipelekwa Aljeri kwa baba yake mdogo. Mkoba wake ulinunuliwa huko huko, ukawa unavuka kizingiti kingine kila asubuhi, kizingiti kisichoapiwa na mtu. Malha akaomba naye apelekwe. Wakamwambia nyumba ya Aljeri ni vyumba viwili, na njia za miaka ile ya vita zina wachinjaji wa watu, na msichana halali ugenini. Wachinjaji hao, yaelekea, walikuwa hawawaoni wavulana.

"Kiapo kina kafara," Bibi akamwambia mwanawe. "Lisha maskini, au funga. Hata mimi nitakufungia, meno yenyewe sina."

"Mama, Mungu najua namna ya kumlipa. Wale wa barazani nitawalipa nini?"

"Basi wakufungue wao."

"Siwezi kwenda kuomba. Nikaombe nini, niwaambie nimechoka kuwa mwanamume?"

"Nitakwenda mimi," Malha akasema.

Ldjouher akadondosha ungo. Mwanamke barazani! Lakini Bibi Yamina akaanza kufunga mkanda wake wa sufu, ule wa kwendea harusini. "Mimi nimezeeka, hawanihesabu mwanamke tena," akasema. "Nitatangulia, wewe jifiche nyuma ya uzee wangu."

Ijumaa wakaingia. Wanaume walinyamaza kama kuku walioona mwewe. Rezki alikuwemo pia, ameketi mwisho wa benchi na sharubu mbili mpya. Vijana wa kamati walikuwa wamepewa nafasi barazani kwa ajili ya kazi yao katika mgomo. Amokrane alikuwa kwenye benchi la mbele, mahali walipompandisha tangu kile kiapo, karibu na bega la Dda Achour. Alipowaona akatazama viatu vyake.

"Nna Yamina, umepotea njia?" Chabane akauliza. "Kisima kiko chini."

"Nimekuja kuangalia kama mna kiti cha mzee. Naona mmekikalia."

Watu wakacheka, na Dda Achour akainua fimbo. "Semeni."

Malha akasema. Ile sauti ya kwenye kiti haikuja, ikaja nyingine, ndogo, ya mtu anayeomba.

"Dda Achour, baba yangu aliapa mbele yenu. Nawaombeni mumfungue. Mgomo mmeshaumaliza, watoto wenu wote wako darasani. Nimebaki mimi tu."

Chabane akadakia, "Kiapo hakifunguliwi kwa kuwa msichana amechoka kukanda."

"Na wewe, Dda Chabane, si uliapa? Huyu Rezki asubuhi anakwenda wapi na mkoba, anakwenda kuvua samaki mlimani?"

Vicheko vikapita, vikafa. "Mimi nilisema inshallah," Chabane akasema, shingo imemjaa. "Mara mbili."

"Sote tulisema," akasema mwingine.

"Alhamdulillahi," Bibi akanong'ona, "kijiji cha wacha Mungu."

Malha akamgeukia Rezki. Walikuwa wamelala barabarani pamoja wakizuia magari, walikuwa wamekula mkate mmoja. "Rezki, sema wewe. Unajua nani aliandika hotuba zako."

Rezki akasimama. Alikuwa amekwisha jifunza kusimama kama wazee, mkono mmoja kiunoni. "Dada Malha," akasema, "wewe ndiye uliyetufundisha kutorudi nyuma. Mimi nasema hivi. Vijiji vingine wanatucheka, wanasema Ighil Ouzemmour waliapa wakameza. Tukiulizwa, tunamtaja nani? Tunamtaja Amokrane. Ndiye peke yake. Mkimfungua na yeye, tutabaki na nini?"

Maneno yalikuwa mazuri. Malha aliyatambua. Yalikuwa na mwendo wake yeye, pumzi zake, hata pale pa kushuka sauti. Alimfundisha mwenyewe.

"Kweli," wakasema wazee. "Kijana amesema." Na Chabane akasema kwa sauti kubwa kuliko wote, maana kweli yenyewe ilikuwa inamfaa. Kila mmoja pale alikuwa na mwana shuleni na kiapo kilichopata upenyo, na kila mmoja alikuwa na raha kukaa benchi moja na mtu ambaye chake ni kizima. Akivunja na huyo, wangebaki wanatazamana.

Dda Achour hakuwa mtu mbaya. Akamgeukia Amokrane. "Kiapo ni chako. Ukisema sasa hivi umechoka, hakuna atakayekunyooshea kidole. Sema mwenyewe."

Amokrane akanyanyuka. Malha aliuona mdomo wake ukifunguka, akaona ulimi, akaona kabisa lile neno linakuja. Lakini alipokuwa ananyanyuka, benchi zima la mbele lilinyanyuka naye. Wazee wenye mvi, wenye magoti mabovu, wenye kumwita "wee fundi" miaka yote, wakasimama kwa ajili ya mchomelea mageti. Akawatazama, kulia, kushoto.

"Neno langu liko pale pale," akasema.

Wakampigia makofi. Bibi Yamina akamshika mjukuu wake mkono, wakatoka. Njiani Bibi hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo ndilo lililomtisha Malha kuliko yote.

Mwaka ukapita, na wa pili. Katika shule yetu Kiamazigh hakikuketi, wala hakikusimama. Mwalimu alitangazwa, hakuja. Kila mwezi wa nne, siku ya kumbukumbu ya harakati za lugha, Amokrane alipandishwa jukwaani, akapewa shada na kiti, na watu wa vijiji vya jirani wakaja kumshika mkono. Umri wa kuandikishwa ukampita Malha akiwa anaanika tini. Akaja mchumba, akaja mwingine, kwa sifa za baba.

Boussad alirudi likizo amenenepa.

"Dada, unazijua zile herufi zetu za kale?" akauliza. "Huko kwetu Aljeri wamefungua darasa baada ya masomo. Wanatoa alama za nyongeza kwenye mtihani."

Alikuwa anazijua. Miezi ile ya mgomo, mwanachuo mmoja aliyekuja kusaidia kamati aliwaandikia kwenye karatasi. Wengine walifungia njugu, yeye alizikariri zote, misalaba na viduara na vijiti, mpaka akawa anaziandika kwenye unga kabla ya kuukanda.

"Kwa hiyo imeketi darasani," Malha akasema polepole.

"Aljeri, ndiyo. Baba anasema kiapo chake ni cha shule yetu."

"Najua kiapo chake. Unataka nini?"

"Niandikie jina langu. Vizuri, kwa kalamu nene. Mwalimu atalitundika ukutani."

Malha akamtazama muda mrefu. Kisha akafuta mikono kwenye futa lake, kile kitambaa cha kiunoni, akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri sana, herufi zimesimama kama askari. Akaandika "punda."

Boussad akashukuru, akaikunja karatasi kwa adabu kama talasimu. Ikaenda Aljeri. Mwalimu, ambaye naye alikuwa anajifunza, akaisifu mbele ya darasa, akaitundika, akampa alama zake zote. Likizo iliyofuata karatasi ikarudi nyumbani na nyota nyekundu pembeni. Amokrane akaishika kwa ncha za vidole. Akaenda nayo kwenye karakana, akafunga mlango, na kwa jioni kadhaa cheche zikawa zinaruka. Alipofungua, ile herufi moja moja alikuwa ameifua kwa chuma, ameipiga rangi ya buluu na kuitundika juu ya mlango wa karakana, mahali ambapo njia yote inaona.

"Jina la mwanangu," akawaambia wapita njia. "Kwa lugha yetu."

Wakaja. Dda Achour akaja na fimbo, akakigusa kile chuma, machozi yakamlenga. Chabane akasema naye anataka cha kwake. Rezki, aliyekuwa anagombea udiwani, akapiga nacho picha, ngumi juu.

Malha alikuwa anapita na ubao wa mikate kichwani, Bibi Yamina nyuma yake. Bibi akasimama, akakodoa.

"Pameandikwa nini pale, mjukuu wangu?"

Malha akainama, akamwambia sikioni.

Bibi alicheka mpaka akaketi chini katikati ya njia, amejishika mbavu, kilemba kimemtoka. Watu wakadhani ni furaha ya mzee, wakampongeza. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha taratibu akanyamaza, akawatazama wale wanaume waliosimama chini ya kile chuma, mmoja mmoja.

"Na hakuna hata mmoja aliyeona?"

"Hakuna, Bibi."

"Hata mwalimu?"

"Hata mwalimu. Simama, mikate inapoa."